Kuzunguka pwani za Unguja kwa gari: panga kwa maji kwanza, barabara baadaye

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa waliopeleka familia Paje au Jambiani ni hili: "Tumefika saa nne asubuhi, mbona bahari haipo?" Bahari ipo. Imekupwa, imejikusanya kule kwenye mstari mweupe wa mawimbi, na itarudi yenyewe baada ya saa sita hivi. Swali la pili ni ndugu yake: "Naweza kuzunguka kisiwa kizima kwa siku moja?" Kwa gari unaweza, maana kisiwa kina urefu wa kilomita 85 tu. Lakini utakuwa umeiona lami, si pwani.

Maelezo haya ni ya mtu anayetoka Mjini (Mji wa Zanzibar) na gari, liwe lake au la kukodi, mwenye siku moja hadi tatu. Hayamfai sana anayekwenda hotelini kulala wiki nzima, kwa sababu huyo maji yatamfuata alipo.

Kabla ya kuwasha gari

Uwe na kalenda ya mwezi mwandamo (ile ya msikitini inatosha) na jedwali la maji kujaa na kupwa la Zanzibar au Dar es Salaam. Nyakati zake hazipishani sana. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu kwa siku. Viatu vya raba au makubazi yanayofunga nyuma ya kisigino. Kandambili hazifai mwambani, zinachomoka na zinatobolewa. Kanga mbili kwa kila mwanamke na kikoi au shuka kwa mwanamume, kwa kujifunika mkipita vijijini. Chupa ndogo ya siki, kibano, bandeji. Kikapu cha ukili au mfuko wa kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Noti ndogo ndogo. Sepetu fupi, magunia mawili matupu, pampu ya mguu na kipimo cha upepo wa magurudumu. Dumu la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lita 10 la kusuuzia watoto na miguu, la sivyo chumvi na mchanga wote vitaishia kwenye viti.

Leseni, bima na karatasi za gari ziwe karibu na mkono. Njia za Shamba, yaani vijijini nje ya Mjini, zina vizuizi vya askari, na kupekua begi zima ukitafuta bima ni kupoteza dakika ambazo maji hayakusubirii.

Hatua

1. Tafuta tarehe ya mwezi mwandamo ya siku unayotaka kusafiri.

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo tarehe ya mwezi inakupa picha ya siku nzima hata kabla hujafungua jedwali:

Tarehe 29, 1, 2, na 14 hadi 16: bamvu. Maji hupwa sana karibu na saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na hujaa sana saa 10 hadi saa 11 jioni.

Tarehe 3 hadi 5, na 17 hadi 19: kupwa kunaangukia katikati ya mchana, saa 6 hadi saa 9. Hizi ni siku mbaya kwa anayetaka kuogelea mashariki, na nzuri kwa anayetaka kutembea mwambani.

Tarehe 7 na 8, na 21 hadi 23: maji mafu. Hujaa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, lakini hayajai sana wala hayapwi mbali. Ukiwa na watoto wadogo, chagua hizi.

Tarehe 10 hadi 12, na 25 hadi 27: maji yamejaa saa 7 hadi saa 9 mchana. Siku za pwani hasa.

2. Hakikisha kwa jedwali, kisha badilisha saa.

Tarehe ya mwezi hukupa makadirio tu, na mwandamo wenyewe hupishana siku moja kati ya kalenda na kalenda. Jedwali ndilo linalotoa dakika. Angalia mambo mawili. Kwanza, majedwali mengi ya mtandaoni hutumia saa za kizungu: 16:00 ni saa 10 jioni, 10:00 ni saa 4 asubuhi. Ondoa sita. Pili, baadhi ya programu huonyesha saa za Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Mtu akikosea hapo anafika pwani maji yakiwa nusu ya safari ya kurudi.

Tazama pia kimo. Siku za bamvu tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika kama mita 4. Kimo cha kupwa kikiwa karibu na sifuri, jua kwamba mashariki yote itakuwa uwanja wa mchanga na mwani.

3. Tazama upepo.

Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kuanzia kama Juni hadi Septemba. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi. Zote mbili huipiga pwani ya mashariki, ndiyo maana Paje imejaa watu wa kuruka na tiara juu ya maji. Wakati wa kusi, upande wa Kendwa na magharibi yote hutulia. Wakati wa kaskazi, uso wa Nungwi unaotazama kaskazini huchafuka, na ghuba ya Kizimkazi Dimbani huwa na nafuu. Masika, Machi hadi Mei, barabara za lami zinapitika, ila njia za udongo zinazoshuka pwani hugeuka matope. Siku hizo egesha juu, shuka kwa miguu.

4. Chagua upande mmoja kwa siku moja.

Kisiwa kigawe mara tatu.

Kaskazini: Mjini, Bububu, Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni, Nungwi na Kendwa. Kama kilomita 60 kwenda. Kinyasini ndiyo njia panda ya kwenda Kiwengwa, Mkwajuni ya kwenda Matemwe.

Mashariki ya kati: Mjini, Dunga, Chwaka, Uroa, Pongwe, Kiwengwa, Pwani Mchangani, Matemwe. Hii ndiyo njia inayoifuata pwani kweli kweli.

Kusini mashariki: Mjini, Tunguu, Jozani, Kitogani, Paje. Kitogani ukikata kulia unakwenda Kizimkazi na Makunduchi. Paje kushoto ni Bwejuu na Michamvi, kulia ni Jambiani. Mjini hadi Paje ni kama kilomita 50.

Onyo: kwenye ramani Chwaka na Michamvi zinatazamana, na mgeni husema "tutamalizia Chwaka halafu tuvuke". Kati yao kuna ghuba na mikoko, hakuna daraja. Kwa gari utazunguka, na huo mzunguko utakula jioni yako.

5. Panga vituo kwa aina, si kwa majina.

Kila siku iwe na kituo kimoja cha kuogelea, kimoja cha maji kupwa, na kimoja cha bara ambacho hakijali maji. Vituo vitatu vinatosha. Vinne vinabana. Vitano ni mbio za daladala.

Vya kuogelea saa yoyote: Kendwa kwanza, kisha upande wa magharibi wa Nungwi. Kina kiko karibu na maji hayaendi mbali.

Vya kuogelea maji yakijaa tu, yaani saa mbili na nusu kabla ya kujaa hadi saa mbili na nusu baadaye: Paje, Bwejuu, Jambiani, Kiwengwa, Matemwe, Uroa. Pongwe ina kijighuba chake, nayo husamehe kidogo.

Vya maji kupwa: Jambiani na Paje kwa mashamba ya mwani, Matemwe kwa kutembea kuelekea mwambani ukikitazama kisiwa cha Mnemba.

Vya bara: Jozani, kwa kima punju na njia ya mbao ndani ya mikoko; mapango ya Kiwengwa; Pango la Kuza, Jambiani; Mangapwani, penye pango la maji na kile chumba kilichochimbwa mwambani, watumwa walikofichwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Nungwi kuna bwawa la kasa la Mnarani, ambalo ni dimbwi la asili linalopata maji bahari inapojaa, na pembeni mafundi wa majahazi. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Ingia nje ya nyakati za sala, umevaa vya kusitiri, na umwombe ruhusa anayeutunza.

Cha machweo: pwani ya mashariki haioni jua likizama baharini, ila Michamvi Kae, kwa kuwa inatazama magharibi ndani ya Ghuba ya Chwaka. Michamvi Pingwe, ng'ambo ya rasi hiyo hiyo, inatazama mashariki. Watu huzichanganya na kukaa Pingwe wakingoja jua linalozama mgongoni mwao.

6. Hesabu muda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa.

Usitumie 60. Kuna matuta kila kijiji, watoto wa skuli, magari ya ng'ombe na punda, na askari. Kilomita 60 ni saa moja na nusu. Kwa mafuta, gari dogo hesabu lita 1 kwa kilomita 10, kisha ongeza lita 5. Mjini hadi Paje, Michamvi, kurudi Paje, Jambiani na kurudi Mjini ni kama kilomita 155: lita 16, weka 21. Jaza Mjini.

7. Agiza chakula kabla hujaingia majini.

Mikahawa ya vijijini hupika ukishaagiza. Wali wa nazi na mchuzi wa pweza huchukua saa nzima, wakati mwingine zaidi. Fika, agiza, taja saa ya kula, nenda kaogelee. Ukingoja njaa ianze ndipo uagize, utakula maji yameshaondoka. Kwa njiani beba vitumbua, chapati, mkate wa ufuta, madafu utayakuta.

Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya vijijini hufunga mchana. Beba chakula, na mle ndani ya gari au mahali msipoonekana, si barazani kwa watu. Ijumaa, kati ya saa 6 na saa 8 mchana, usipange kupita katikati ya kijiji wala kuegesha karibu na msikiti.

8. Ukifika, egesha juu ya mstari wa takataka.

Tafuta ule mstari wa majani makavu, vifuu na vipande vya mwani mchangani. Hapo ndipo maji ya mwisho yalipofika. Gari likae juu yake, kwenye ardhi ngumu. Siku za kuelekea bamvu liache mbali zaidi, maana maji ya kesho yatapita ya leo. Usiegeshe chini ya mnazi wenye nazi. Kivuli kizuri, kioo cha gari ghali.

Kisha salimu. Shikamoo kwa mzee anayeshona nyavu, salamu kwa kina mama walioko mwani, ndipo uulize: "Maji yanajaa saa ngapi leo? Watu wanaogea wapi hapa?" Swali la pili lina thamani kuliko jedwali. Bandari ya ngalawa, penye nanga na kamba chini ya maji, si pa kuogea, na hakuna kibao kitakachokwambia.

9. Ukitembea mwambani, rudi maji yanapogeuka, si yanapokufikia.

Toka saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, geuka ikifika saa yenyewe. Maji hayajai kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza huenda polepole, lakini saa ya tatu na ya nne siku ya bamvu hupanda karibu mita nzima kwa kila saa. Na hayaji kutoka mbele tu. Mifereji iliyo nyuma yako, kati ya ulipo na ufuo, hujaa kwanza. Mtu anasimama kwenye mchanga mkavu akipiga picha, kumbe njia ya kurudia imeshafika kiunoni.

Pita kandokando ya mashamba ya mwani, usikanyage kamba wala kung'oa vigingi. Ule ni mtaji wa mtu. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, mwache majini, usimtoe kwa picha. Pweza usiwaguse mashimoni: baadhi ya vijiji hufunga miamba yao kwa muda ili wakue, na mgeni anayechokoa na mchokoo atasimamishwa, kwa haki kabisa.

10. Anza kurudi kabla ya saa 12 jioni, isipokuwa siku ya machweo.

Jua huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 1 kasoro robo, kutegemea mwezi, na giza huingia upesi. Baiskeli zisizo na taa na ng'ombe weusi ndio hatari ya barabara za Shamba usiku. Ukibaki Michamvi Kae kwa jua, panga kulala Bwejuu au Paje, au endesha 40 hadi Mjini bila haraka.

Mifano miwili ya siku ya kusini mashariki

Siku ya bamvu, tarehe 15 ya mwezi: toka Mjini saa 1 na nusu asubuhi. Saa 3 uko Jambiani. Tembea kwenye mwani maji yakipwa, na geuka kurudi ufuoni saa 4 na nusu. Saa 6 Pango la Kuza, kisha chakula ulichokwisha kuagiza. Saa 8 nenda Paje, ogelea kuanzia saa 8 na nusu hadi saa 10 na nusu. Machweo Michamvi Kae.

Siku ya maji mafu, tarehe 7: mambo hugeuka. Toka saa 1, fika Paje saa 2 na nusu, ogelea saa 3 hadi saa 7 mchana. Kula. Jozani saa 9 wakati wa kurudi, na kisha Mjini, ambako bustani ya Forodhani jioni itakupa urojo bila kujali bahari inafanya nini.

Ukiwa na siku mbili tu, na moja ikaangukia tarehe 17 hadi 19, ipeleke hiyo Kendwa. Usibishane na mashariki.

Yakienda kombo

Gari limezama mchangani. Acha kukanyaga mafuta; kila mzunguko wa gurudumu unachimba kaburi. Wateremshe watu. Fukua mchanga mbele na nyuma ya magurudumu yanayovuta, tandika magunia au makuti, punguza upepo wa magurudumu kutoka 30 hadi kama 18 (psi), kisha toka polepole kwa gia ya pili bila kukata kona. Jaza upepo tena kabla ya kurudi lamini, maana tairi laini hupata moto na kupasuka. Maji yakiwa yanajaa, usisubiri ujaribu mara tano: waite vijana wa kijiji mapema, mkubaliane malipo kwanza.

Umekanyaga yule mnyama wa mwambani mwenye miiba myeusi mirefu. Toa kwa kibano miiba inayochomoza, usichimbue iliyovunjikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Mwiba ukiingia kwenye kiungo, au mguu ukivimba na kupata homa, nenda hospitali.

Yavuyavu, yule mnyama wa baharini laini anayewasha, amekuunguza. Toka majini, suuza kwa maji ya bahari, si maji baridi ya dumu, wala usisugue kwa mchanga. Kope za macho zikivimba au pumzi ikibana, hilo ni jambo la daktari, tena mara moja.

Mkondo unakuvuta nje. Hutokea zaidi kwenye milango ya mwamba maji yanapotoka. Usishindane nao, ogelea sambamba na ufuo hadi utoke kwenye njia yake, ndipo urudi.

Mashua inayokupeleka fungu la mchanga au kuwaona pomboo haina laifu jaketi za kutosha idadi yenu. Usipande. Na kwa fungu, muulize nahodha kabla ya kulipa: "Linafunikwa saa ngapi?" Asipojua, tafuta mwingine.

Umefika na maji yamekupwa, watoto wanalia. Ukiwa Paje, nenda Jozani kisha urudi. Ukiwa Kiwengwa, nenda mapangoni. Ukiwa Matemwe, rudi Mkwajuni ukate kulia uende Kendwa. Mwendo wa saa moja hivi, na maji utayakuta.

Gari limerushiwa maji ya chumvi. Lioshe chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo, hasa breki na bomba la moshi. La kukodi lipige picha kabla na baada.